D Maana Yake Binti

Kasha lilifika karakanani limefunikwa blanketi, na juu ya blanketi bahasha. Mwenyewe, bibi wa miaka sabini na ushei wa hapa Minnesota, alitaka nimtengenezee bawaba moja iliyolegea, basi. Kuhusu umri wa kasha na lilikotoka hakuwa na swali. Majibu yote yalikuwa kwenye bahasha: kurasa mbili zilizopigwa taipu na mjomba wake, sasa marehemu, ambazo hurithishwa pamoja na kasha. "Isome," akaniambia, "utaona ni mali ya namna gani."

Bawaba ilinichukua nusu saa. Barua ilinichukua wiki tatu.

Nimekulia kwenye makasha. Huko Unguja nilianza kazi kwa kusugua misumari ya shaba kwa ndimu na majivu, na kabla sijajua kushika randa nilikwisha kumsikia muuzaji akimwapia mtalii kwamba kasha tulilolipiga wenyewe mwezi uliopita liliachwa na Wareno. Kwa hiyo mtu akiniletea kasha pamoja na hadithi yake, huvitenga: kasha mezani, hadithi kando, halafu naanza kuuliza. Mjomba hakuwa mwongo. Alikuwa mtu aliyewapenda wazee wake akayaamini aliyosimuliwa. Lakini katika yote aliyoyaandika ni moja tu lililosimama, nalo si lile alilojivunia.

Kasha lenyewe lina urefu wa mita moja na robo hivi, kifuniko cha mviringo kama ngalawa iliyopinduliwa, mikanda ya chuma, na mshikio kila ubavu. Rangi yake ni buluu inayoelekea kijani. Mbele kuna majani mekundu na ya manjano yanayojiviringa, na katikati yao herufi A.O.D. na maneno Anno 1796. Chini zaidi, kwa herufi nyembamba za mkono mwingine, pameandikwa Nord Amerika 1868. Ukilifungua, ndani ya kifuniko unakuta År 1796 kwa rangi nyeupe, na ubavuni kushoto kichumba kidogo chenye mfuniko wake cha kutilia vitu vidogo. Nilipokiona nilicheka peke yangu, kwa maana makasha ya kwetu nayo yana kichumba kama hicho.

Tuanze na dai jepesi. Barua inasema michoro hii ni sanaa ya Waviking, imeshuka baba kwa mwana kwa miaka elfu. Waviking walikuwa na makasha, hilo kweli. Kaburi la Oseberg la mwaka 834, lililofukuliwa mwanzoni mwa karne iliyopita, lilikutwa na kasha la mwaloni lenye mikanda ya chuma pamoja na merikebu nzima. Lakini haya majani yaliyopindwa kama herufi C na S si yao. Ni mitindo ya baroko na rokoko, ya makanisa na majumba ya mijini Ulaya, na iliingia vijijini Norwe katika miaka ya 1700 kupitia mafundi rangi waliojifunza kazi mijini. Kilichoichelewesha ni moshi. Nyumba ya mkulima wa Norwe ilikuwa na moto katikati ya sakafu na tundu kwenye paa. Nani apake rangi ukuta utakaokuwa mweusi kabla ya msimu kwisha? Dohani na madirisha ya vioo yalipoenea, ndipo watu walipoona kuna haja ya kupamba kuta, makabati na makasha. Sanaa hiyo, Wanorwe huiita rosemaling, ilishamiri kuanzia kama 1750 hadi katikati ya karne iliyofuata, hasa katika mabonde ya Telemark na Hallingdal.

Dai kwamba mbao ni mwaloni nalo halikufika mbali. Nililisukuma kasha kwa goti likasogea. Mwaloni wa kipimo hicho ungenivunja goti. Ukiligeuza, huko chini ambako hakuna aliyejisumbua kupaka rangi, unaona vifundo vya msonobari waziwazi. Kijipande chembamba kama ukucha kilikwenda chini ya hadubini, na jibu likaja kwamba si ule msonobari mweupe ambao maseremala wa huku Marekani waliutumia sana. Ule una seli laini kwenye mishipa yake ya ubavuni, na huu una seli zenye meno, kama msonobari wa Norwe ulivyo. Jibu hilo, pamoja na maandishi ya safari yaliyo mbele, limempa mjomba alama yake moja: kasha kweli limetoka Norwe.

Sasa misumari. Watu wanaopenda vitu vya kale wana ugonjwa wa misumari, na mjomba alikuwa nao: misumari ya mikanda imefuliwa kwa mkono, basi kasha ni la 1796, shauri limekwisha. Ni kweli imefuliwa kwa mkono. Vichwa vyake vina mapigo ya nyundo na hakuna viwili vinavyofanana. Lakini msumari ni shahidi anayejua kukana tu. Ukikuta msumari wa waya, wa duara, uliotoka kiwandani, unajua kazi hiyo ni ya mwishoni mwa miaka ya 1800 au baadaye, au kuna mtu alikarabati. Ukikuta msumari wa mhunzi hujajua kitu, kwa maana wahunzi wa vijijini Norwe waliendelea kufua misumari muda mrefu baada ya mashine kuanza kuikata, na msumari mzuri uling'olewa kwenye mbao mbovu ukapigiliwa kwenye mbao mpya. Meno ya pembeni, yale yanayokatwa kama mkia wa njiwa yakashikana, ni hivyo hivyo. Haya ni ya mkono, mistari ya kupimia bado inaonekana, lakini baba yangu aliyakata ya mkono mwaka ule Apollo ilipofika mwezini.

Chuma kilichosema kitu cha maana ni kile kilichonileta kwenye kasha hili: bawaba iliyolegea. Nilipozitoa parafujo zake nikakuta zina ncha kali. Parafujo za zamani zilikuwa butu, fundi akitoboa tundu kwanza. Zenye ncha zilianza kutoka mashineni kwa wingi miaka ya 1840. Kwa hiyo bawaba ile, ambayo barua inaiita "ya asili, haijaguswa", iliwekwa na mtu mwingine karibu miaka hamsini au zaidi baada ya tarehe iliyoandikwa mbele.

Na hiyo tarehe? Hapa ndipo familia nyingi zinapojikwaa, na si za Wanorwe tu. Mwaka uliopakwa kwenye kasha ni mwaka wa rangi. Unaweza kuwa mwaka wa ndoa, wa kipaimara, wa mtoto kuondoka nyumbani kwenda kutumika, au mwaka fundi rangi alipopita kijijini akapewa kasha la siku nyingi alipendezeshe. Mbao hazikuulizwa. Bamba la kitasa cha kasha hili lilikuwa limehama kidogo kutoka mahali pake pa kwanza, na kwenye ukingo uliofichuka, chini ya buluu, kuna rangi nyingine: nyekundu ya udongo, isiyo na ua wala jani. Rangi hiyo imechakaa kwa mikono iliyokuwa ikitafuta tundu la ufunguo, halafu buluu ikaja juu ya uchakavu huo. Maana yake kasha lilitumika, tena sana, kabla ya 1796. Mjomba alitaka liwe la zamani, na ni la zamani kuliko alivyodai. Furaha hiyo angeipata kama angelitazama kasha lenyewe.

Sharti niseme kwamba 1796 ya mbele naikubali kama mwaka wa buluu na majani. Tarakimu ziko kwenye tabaka moja na michoro, chini ya vanishi moja, na mikwaruzo ya zamani inapita juu ya vyote viwili bila kuruka. Nyeupe yake ni ya risasi, ambayo haithibitishi kitu kwa sababu ilitumika karne nyingi, ila haipingi.

Mjomba aliona shahidi wa pili: mwaka huo huo umeandikwa tena ndani ya kifuniko. "Mara mbili," anaandika, "kwa hiyo hapana shaka." Mimi ndiyo kwanza nikaanza kuwa na shaka. Tazama lile neno År, maana yake mwaka. Mnamo 1796 Norwe ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark, na maandishi yake yalikuwa ya Kidenmaki: Aar, kwa A mbili. Herufi å yenye kiduara kichwani iliingia rasmi katika tahajia ya Kinorwe mwaka 1917. Waswidi waliitumia tangu zamani, lakini hakuna mahali pengine kwenye kasha hili panaponuka Uswidi. Basi mkono ulioandika ndani ya kifuniko ulisoma shule ya karne ya ishirini, ukautazama mwaka wa mbele, ukaunakili. Mashahidi wawili wamegeuka mmoja na mwangwi wake.

Rafiki yangu wa maabara alikuja na mashine ya eksirei ya kushika mkononi, ile inayosoma ni madini gani yamo kwenye rangi bila kuikwaruza. Nyeupe ya mbele: risasi, kama nilivyosema. Nyeupe ya År, pamoja na vimulimuli vyote vyeupe vya maua ya juu ya kifuniko: titani. Nyeupe ya titani haikuwako madukani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Na mmoja wa waliotangulia kuitengeneza kwa biashara ni kiwanda cha Norwe kwenyewe, mjini Fredrikstad, kilichoanzishwa 1916. Herufi na rangi, kila moja kwa njia yake, zimetaja miaka ile ile.

Hilo linaliua pia dai la kwamba rangi za kifuniko zinang'aa "kwa sababu zilitunzwa". Kifuniko ndicho kinachokaliwa, kinachowekewa vyombo, kinachopigwa na jua la dirishani. Ikiwa mbele pamechujuka na juu panang'aa, kuna mtu alipita na brashi. Tulizima taa tukawasha ya urujuanimno: vanishi kuukuu ya mbele ikatoa mwanga wa kijani hafifu, na kifuniko kikabaki cheusi karibu chote. Sidhani aliyefanya hivyo alikuwa na nia mbaya. Miaka ya 1930, huko Stoughton, Wisconsin, fundi aitwaye Per Lysne, mhamiaji aliyekuwa akipaka rangi mikokoteni, aliifufua sanaa hii miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Norwe, na baada yake watu wengi wakajifunza. Makasha mengi ya bibi na babu yalipata maua mapya katika wimbi hilo.

Nimeruka dai moja makusudi, nalo ndilo lililonikosesha usingizi. Herufi A.O.D. Barua inasema ni za babu wa ukoo, mwanamume, na kwamba D ni herufi ya kwanza ya jina ambalo familia inalitumia mpaka leo. Kasha zima limebebeshwa juu ya babu huyo: alilijenga, alilibeba, mkewe akalipaka rangi.

Wakulima wa Norwe wa wakati ule hawakuwa na majina ya ukoo kama tunavyoyafahamu sasa. Mtu alikuwa na jina lake na jina la babake, na pengine jina la shamba analokaa, ambalo lilibadilika akihama. Sheria ya kumlazimisha kila mtu kuwa na jina la ukoo lisilobadilika ilikuja 1923. Waliohamia Marekani waliona haja mapema zaidi, na wengi walilichukua jina la shamba wakalifanya la ukoo. Kwenye makasha, kwa hiyo, herufi ya mwisho mara nyingi huwa moja ya mbili. S ni sen au son, mwana wa. D ni datter.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji nimwongezee neno. Bibi zetu wote waliitwa hivyo: fulani binti fulani. A.O.D. ni A binti O. Anne binti Ola, kwa mfano, au Astrid binti Olav. Kama angekuwa mwanamume, na D ikawa ya shamba, tungetarajia A.O.S.D. Ile S haipo, na haikufutika. Nafasi kati ya herufi ni sawa, nukta ni tatu, na majani yamechorwa kuzizunguka herufi tatu, si nne.

Nilipomweleza mwenye kasha alinyamaza muda, akiwa ameweka kiganja juu ya D. Akauliza, "Kwa hiyo lilikuwa la mwanamke?" Nikamwambia lilikuwa la mwanamke. Akasema basi litakuwa kasha la arusi, na hapo pia ikanibidi nimzuie, kwa sababu wasichana na wavulana vilevile walipewa makasha walipoondoka kwa wazazi, kwenda kuolewa au kwenda tu kutumika kwa watu. Kasha peke yake halitoi cheti cha ndoa.

Na lile la mke kupaka rangi? Walioifanya kazi hii kwa ujira walikuwa zaidi wanaume, aghalabu watoto wa nyumba zisizo na ardhi ya kugawana, wakizunguka shamba hadi shamba na kulipwa kwa chakula, malazi na sarafu chache. Majani ya mbele yamepigwa kwa mkupuo mmoja mmoja, brashi haikurudi nyuma mahali popote. Huo ni mkono uliofanya hivyo kila siku. Mjomba alimpa mwanamke brashi akamnyang'anya kasha. Mambo yalikuwa kinyume.

Limebaki la merikebu. Barua yasema kasha lilikuja na Restauration, ile iliyotoka Stavanger Julai 1825 na kufika New York tarehe 9 Oktoba, ikiwa ndiyo safari ya kwanza ya pamoja ya wahamiaji wa Norwe. Chombo chenyewe kilikuwa na urefu usiofika mita 17. Waliondoka watu 52 wakafika 53, mtoto akiwa amezaliwa njiani, na serikali ya Marekani ikakikamata chombo kwa kujaza watu kupita sheria mpaka Rais John Quincy Adams alipowasamehe. Ukiwahesabu wote wanaodai babu zao walikuwamo, chombo kingezama bandarini. Siwacheki, kwetu pwani kila ukoo unaotaka heshima ulishuka kutoka Shirazi, na majahazi yalikuwa saba tu. Lakini kasha hili limeandikwa safari yake mbele, kwa herufi za wazi: Nord Amerika 1868. Maneno hayo yako juu ya vanishi ya 1796, na familia imeishi nayo sebuleni miaka yote. Mjomba aliyaeleza kuwa ni ya "safari ya pili". Mtu akishakuwa na hadithi nzuri, hata maandishi hutafutiwa kazi nyingine.

Kuhusu dai la mwisho la barua, la makumbusho "kuligombania" kasha hili, sitakuwa na maneno mengi. Kati ya 1825 na 1925 waliondoka Norwe watu wapatao 800,000, na kasha ndilo lililokuwa sanduku la safari. Makumbusho ya Vesterheim huko Decorah, Iowa, yaliyoanza 1877, yana makasha ya wahamiaji mengi tu. Hili ni zuri, lakini halina upekee ambao mjomba alilipa.

Kama nyumbani kwenu kuna kasha la rangi, la nchi yoyote, nakuomba mambo mawili. Usilipige msasa wala kulisugua: rangi kuukuu mara nyingi ina risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Na kabla ya kusoma kilichoandikwa mbele, lipindue utazame chini, halafu utazame chini ya bamba la kitasa.

Mwenye kasha hakutaka maua ya kifuniko yaondolewe, na mimi nisingekubali kuyaondoa. Barua ya mjomba tumeitia kwenye kichumba cha kushoto. Juu yake tumeweka kadi mpya, niliyoiandika kwa mkono na yeye akaisahihisha: "Kasha la msonobari, Norwe, limetengenezwa kabla ya 1796. Lilipakwa buluu na majani mwaka huo, kwa ajili ya A binti O. Lilisafiri kwenda Marekani 1868. Bawaba moja imebadilishwa. Kifuniko kimepakwa upya baada ya 1917."